Oili ya Difu Niliyoinunua kwa Hasira

Kabla sijazaa sikuwa mtu wa hasira. Hivyo ndivyo ninavyopenda kuwaambia watu, na dada zangu wakiwa karibu hucheka mpaka washike meza. Basi tuseme nilikuwa na hasira za kawaida, halafu mtoto akaja, na zile hasira zikapata kazi ya kudumu.

Mtoto alikuwa na miezi saba nilipokabidhiwa pikapu ya baba mkwe.

Mume wangu ni mtu wa mjengo, kazi za ujenzi. Anafanya kazi mbali, anarudi mwisho wa mwezi na begi la nguo chafu na maoni mengi. Mimi na mtoto tunakaa Endarasha, ndani ya boma la baba yake. Mzee alikuwa amewabebea watu waru, yaani viazi, na kabichi hadi soko la Chaka kwa miaka mingi, kisha magoti yake yakakataa klachi. Kila mtu alijua pikapu itaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa na leseni, miwani ya jua, na kesi moja ya kumgonga ng'ombe wa jirani. Lakini hata mimi nilikuwa na leseni. Niliichukua nilipomaliza kidato cha nne, kwa sababu kaka yangu alisema siwezi.

Mzee alituita sebuleni, akaweka ufunguo mezani upande wangu.

"Huyu halewi," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopewa siku hiyo na nikaipokea hivyo hivyo. Kisha akanyoosha kidole kuelekea dirishani, pikapu ilikosimama. "Lakini siku nitasikia hiyo gari ikilia, inarudi kwa kijana."

Shemeji akavua miwani, akatabasamu kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo tu.

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Kabla ya hapo nilikuwa nikilima kabichi za watu kwa kibarua, mtoto mgongoni, pua chini. Pikapu ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo sikuifanya nikiwa nimeinama. Ningemuuma mtu kabla sijairudisha.

Miezi mitatu nikaendesha, hakuna aliyesema neno. Hapo nikapatwa na ugonjwa wa kutaka kusifiwa. Nikaamua kubadilisha oili zote mwenyewe, Mzee aone kwamba ufunguo haukukosea upande. Simu ilinifundisha. Tena nilikuwa nimesoma fizikia, nikapata alama ambayo sitaitaja, lakini msuguano naujua: ni kitu kimoja kusuguana na kingine, halafu mwalimu anakuuliza wewe kwa nini.

Oili ya injini ilienda vizuri. Kichwa kikavimba. Nikahamia difu.

Kwa asiyejua, difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani kuna meno yanayoyagawia magurudumu nguvu, ili gari likikata kona, gurudumu la nje likimbie na la ndani lisubiri. Oili yake ni nzito na inanuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Nikaenda Chaka, kwa duka la spea lililo kando ya barabara ya Nanyuki, mtoto kiunoni.

"Karibu sistee. Nikupee nini?"

"Oili ya difu."

Mwenye duka akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaangalia nyuma yangu kama kuna mwanaume anayeegesha gari.

"Bwana ndio amekutuma?"

"Nimetumwa na difu."

Akacheka. Alikuwa mtu mpole, kusema kweli, na akauliza swali zuri, swali ambalo muuzaji yeyote anayejua kazi yake angeuliza. "Ni difu ya kawaida, ama ni ile ya kushika magurudumu zote mbili? Sababu oili zao hazifanani."

Sikujua kwamba kuna difu za aina mbili. Mtu mwenye akili angesema sijui, ngoja niulize nyumbani. Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia: mama, rudi jikoni.

"Ya kawaida! Kwani nakaa kama nimeona gari leo tu?"

"Pole mathe. Nimeuliza tu."

"Nipee tisini. Ile mzuri kushinda zote."

Tisini ni kipimo cha uzito wa oili, na nilikuwa nimekijua tangu jana yake usiku. Akanipa. Ilikuwa oili safi, ya kopo la kupendeza, na nikatoka pale nikitembea kama niliyeshinda kesi.

Nyumbani nikatandika gunia, nikalala chini ya pikapu. Nilifungua kwanza nati ya kujazia, kisha ile ya kumwagia, kwa sababu ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, unabaki na gari kavu na aibu. Ninalitaja hilo kwa kuwa ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa wiki hiyo yote. Oili ya zamani ikatoka nyeusi, mpya ikaingia ya rangi ya asali. Mzee alipita na fimbo yake, akaona miguu yangu imetokeza, akakohoa, akaendelea. Nilikihesabu kile kikohozi kuwa pongezi.

Kesho yake nikapakia kabichi. Barabara ilikuwa nyoofu, pikapu kimya, nikawa naimba. Nikafika kona ya kuingilia sokoni, nikazungusha usukani.

Krr. Krr-krr-krr.

Ilitoka chini, nyuma, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya mawe. Nikanyoosha usukani, ikanyamaza. Nikakata tena, ikaanza tena. Wachuuzi wakageuka.

"Madam, umeangusha kitu!"

"Ni kabichi zinalia, zinajua zinauzwa!"

Niliwajibu maneno ambayo mtoto wangu hakupaswa kuyasikia.

Kilichofuata ni wiki ya mwanamke mzima kuogopa kona. Kwenye mstari mnyoofu difu ilikuwa na adabu za kanisani. Ni kugeuka tu. Basi nikaanza kuishi bila kugeuka. Niliegesha mahali ambapo ningeweza kutoka nikiwa nimenyooka. Niliwaambia wateja walete magunia barabarani. Jirani mmoja alitaka nizunguke nyuma ya zizi lake, nikamwambia daktari amenikataza.

Taabu kubwa ilikuwa lango letu wenyewe. Unapoingia kwetu unakata kona kali, na ile kona iko chini ya dirisha la chumba cha Mzee. Kwa hiyo nikawa naiacha pikapu huko chini karibu na kanisa na kupanda kilima kwa miguu, mtoto mgongoni, nikimwambia Mzee kwamba pale langoni kuna matope. Ilikuwa Februari. Vumbi lilikuwa linafika magotini.

Shemeji alinikuta hapo kanisani siku ya tatu. Akaizunguka pikapu, mikono mfukoni.

"Shemeji, nasikia siku hizi gari inaongea."

"Inakuuliza umepata kazi?"

"Ati inasema inataka dereva." Akapiga tairi teke dogo. "Mimi sina haraka. Mzee ako na masikio."

Hapo ndipo ningepaswa kumuuliza Mzee mwenyewe. Ndiye aliyeinunua ile gari, ndiye aliyelala chini yake kabla yangu miaka yote hiyo. Lakini kwetu mke wa mtoto hamkabili baba mkwe na maswali usoni. Kuna salamu, kuna chai, kuna "ndiyo Baba". Swali hupitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameshafariki kabla sijaolewa. Mimi na Mzee tulikuwa tumeishi boma moja miaka miwili tukiambiana habari za hali ya hewa. Na hata bila heshima hiyo, ningeenda kumwambia nini? Baba, gari inalia?

Nikamuuliza kila mtu mwingine aliye na mdomo. Mume wangu, kwa simu, alisema ni bearingi, bila kungoja nimalize sentensi. Fundi wa pale Endarasha alisikiliza akiwa amefunga jicho moja.

"Oili yako ni nyepesi. Weka mia na arobaini."

"Hiyo itanyamazisha?"

"Hiyo inanyamazisha hata mama mkwe."

Nikaweka mia na arobaini. Fundi yule alikuwa ametoka mahali pa joto na alikuwa bado hajaelewana na baridi ya huku kwetu Kieni. Asubuhi kwetu nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, na ile oili ililala ndani ya difu kama ugali wa jana. Pikapu ilianza safari ikijivuta kama inavuta ng'ombe mfu. Ilipopata joto kidogo, nikajaribu kona moja, nikitumaini. Krr-krr-krr, ila sasa kwa sauti nzito, sauti ya mwanaume.

Kisha nikaenda kwa yule muuzaji wa sokoni mwenye spika. Huyo aliuza sumu ya panya, dawa ya meno yaliyooza, na chupa nyekundu ambayo alisema inaponya difu, gia na usukani. Mtu aliyesoma fizikia alinunua. Sikuuliza kama ile chupa na dawa ya meno vilitoka kwenye pipa moja. Niliimwaga yote ndani juu ya mia na arobaini, nikafunga nati, nikaomba. Kweli niliomba, nimelala chali, grisi kwenye nyusi.

Haikusaidia. Na Jumatatu nilikuwa na mzigo wa waru wa kupeleka Kiriaini. Wale watu wa chai hununua waru zetu vizuri, lakini barabara ya kwenda kwao ni kona juu ya kona, inashuka na kupanda kana kwamba mwenye kuichora alisukumwa kiwiko. Ningefika huko nikiwa na bendi nzima nyuma. Au nisingefika.

Aliyenichoma, akaitoa siri yangu, ni binti yangu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chai ya saa kumi. Mzee alikuwa amemkalisha mapajani, ambapo huwa anakaa kama chifu. Akamgeuza kumwonyesha kuku mlangoni. Mtoto akakunja uso, akakaza koo.

"Krrr. Krrr-krrr."

Mzee akamrudisha alikokuwa. Kimya. Akamgeuza tena upande wa kuku.

"Krrr-krrr-krrr."

Shemeji, aliyekuwa kwenye kochi, alianza kucheka kwa pua. Mimi nilikuwa nimeshika birika na nikaendelea kulishika.

"Huyu mtoto amesikia wapi hii kitu?" Mzee akauliza, bila kuniangalia.

Ningeweza kusema ni mafua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mafua. Lakini shemeji akasema, "Si aulizwe mamake kwa nini gari inalala kanisani," na hasira ikafika kabla ya uongo.

"Ni difu!" nikapiga kelele. Ndani ya nyumba ya baba mkwe, birika mkononi. "Difu inalia, Baba. Inalia kwa kona. Nimeweka tisini, nimeweka mia na arobaini, nimeweka dawa ya yule mtu wa panya, na bado inalia! Chukueni ufunguo!"

Nikautoa mfukoni nikauweka mezani. Kuuweka ni neno la heshima. Kikombe kimoja kilianguka.

Shemeji akanyoosha mkono. Mzee akaweka fimbo juu ya ufunguo.

"Ilianza lini?"

"Nilipobadilisha oili."

"Kabla ya hapo ilikuwa inalia?"

"Hapana, Baba."

Akavitoa vidole vya mtoto kwenye ndevu zake. "Hiyo difu haikuja na hiyo gari," akasema. "Niliitoa kwa gari ya watalii iliyoanguka. Ile yetu ya kwanza ilikuwa inakwama kwa matope, gurudumu moja inazunguka bure na ingine imelala. Hii ya watalii inashika zote mbili. Iko na sahani ndani, zinasuguana. Ukiipea oili ya kawaida, ukikata kona zinapiga kelele. Inataka oili yake, na dawa yake kidogo."

Difu ya kushika magurudumu yote mawili. Nilimwona mwenye duka wa Chaka mbele yangu, ameinamisha kichwa kwa upole, akingoja jibu langu.

"Na si nilikuwa nimeweka kopo yake kwa stoo?" Mzee akaendelea. "Nyuma ya mbegu. Kopo ndogo ya bluu."

Niliijua kopo ndogo ya bluu. Niliijua sana.

"Nilipaka mashine ya kukata nyasi, Baba."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole. "Nimekuwa nikishangaa hiyo mashine imeshika adabu vipi."

Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu: siku ngapi za kuogopa kona ningeziepuka kama ningeuliza swali moja. Mzee alikuwa bado ameweka fimbo mezani.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi, Baba?"

Nadhani hata yeye hakujua vipi. Akaangalia picha ya mama mkwe iliyo ukutani, akaangalia kuku, kisha akasukuma ufunguo kwa ncha ya fimbo mpaka ukanifikia. "Kesho tunaenda Nyeri. Wewe ndio utaendesha. Hiyo uchafu umeweka, uitoe wewe."

Asubuhi niliingia chini ya pikapu tena, nikamwaga ule uji, nikaijazia difu tisini iliyobaki kwenye kopo ili tufike mjini. Safari nzima nilikata kona nikiwa na baba mkwe kiti cha pembeni, mtoto mapajani kwake, na kila difu ilipolia, mtoto aliiitikia. Mzee alikuwa ameangalia mbele kama yuko kwenye mazishi.

Tulienda kwa mzee Mwislamu mwenye duka la spea la kale pale mjini, ambaye baba yake pia aliuza spea. Wakasalimiana kama watu waliowahi kudanganyana na kusameheana.

"Bado unayo ile difu ya wazungu?"

"Ninayo," Mzee akasema, akininyooshea fimbo. "Huyu mtoto wangu aliipea chakula mbaya."

Mtoto wangu. Nilijifanya nasoma kibandiko cha kopo.

Mwenye duka akanipa oili yenye maandishi kwamba ni ya difu za kushika, na kichupa kidogo pembeni. Akanieleza mimi, si Mzee: mwaga ikiwa ya moto, jaza hii, ongeza kichupa, halafu tafuta uwanja, uendeshe polepole ukichora nane. Nane, nane, nane, kulia na kushoto, ili oili iingie katikati ya zile sahani.

"Una swali?" akauliza.

Nilikuwa na maswali manne. Niliuliza yote, na moja niliuliza mara mbili.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, alasiri, oili mpya ikiwa ndani ya difu, mwanamke mmoja alionekana katika uwanja wa soko wa Endarasha akizungusha pikapu tupu kwa mwendo wa kinyonga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mzee na mtoto pembeni. Haikuwa siku ya soko, lakini kwaya ya akina mama ilikuwa inafanya mazoezi kwenye kibanda cha uwanja. Wimbo ukafa katikati.

"Wee, mama wa mtoto! Umepoteza nini hapo?"

"Mwacheni, anatafuta bwana!"

"Tafuta polepole, utampata!"

Shemeji alikuja kusimama kando, akiwa bila miwani. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa ubaya wake. "Tatu! Nne!" Kwenye ya nne bado ilikuwa krr-krr. Jasho lilinitoka mpaka mikono ikateleza kwenye usukani. Nilitaka kusimama, nimrushie ufunguo kichwani, nirudi kwenye kabichi za watu nikiwa nimeinama na amani yangu.

"Endelea," Mzee akasema.

"Haisikii, Baba."

"Endelea, mami." Wazee wetu huwaita hivyo binti zao. Mimi alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Nikaendelea. Kwenye ya saba ilikuwa krr moja tu, ya uvivu. Kwenye ya tisa nilikata kulia na kusikia changarawe chini ya tairi, na kwaya ikinong'ona, na basi. Nikakata kushoto. Changarawe. Mtoto alikaza koo, akangoja difu ianze, haikuanza. Akaanza kulia kwa hasira, yeye na mimi ni damu moja.

Shemeji aliacha kuhesabu.

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Kijana, Jumatatu anaenda Kiriaini. Uamke mapema umsaidie kupakia."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi shemeji alipakia magunia akinuna, nami sikumsaidia hata kwa kidole. Nilikata kona ya lango chini ya lile dirisha nikiwa nimeacha vioo wazi. Mzee alikuwa amesimama hapo na blanketi mabegani. Ningepita. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likinisumbua tangu Nyeri, nikasimamisha gari.

"Baba," nikasema, "na kwa giaboksi, huwa unaweka gani?"

Akaegemea dirisha la pikapu. Akaanza na siku aliyoinunua pikapu, na mtu aliyemuuzia, na uongo ambao mtu huyo alimwambia. Jua likatokea nyuma ya mlima. Shemeji, ameketi juu ya waru, alianza kusinzia. Injini ilikuwa inanguruma, wateja wa Kiriaini walikuwa wanangoja, na Mzee alikuwa hata hajafika kwenye oili. Nikauma mdomo, nikazima gari. Nilikuwa nimeuliza mwenyewe.